Mbuzi wa mama mkwe na kuku wangu

Mama mkwe alihamia kwetu Kibiti baada ya mafuriko ya Aprili 2024. Nyumba yake ya Muhoro ilikuwa imeingia maji na mpunga wote umelala. Alichookoa ni mikeka, sufuria na mbuzi wanne, na hao mbuzi ndiyo akiba yake yote. Mimi nina kuku wa kienyeji thelathini na kitu, ndio wanaonunua daftari na sare za watoto. Uwanja ni mmoja.

Wazazi wenzangu mnaofuga vyote viwili mnajua kinachofuata. Mbuzi akishaonja pumba za mahindi, hasahau njia. Kabla hujamaliza kuanika nguo, chakula cha kuku cha siku tatu kimekwisha, na kilichobaki kimekanyagwa na kukojolewa. Kwa muda mrefu tulichukulia kwamba hasara ni hiyo tu. Jirani yetu aliongeza yake, kwamba mbuzi ndio wanaoleta kideri. Hapana. Kideri ni ugonjwa wa ndege, na dawa yake ni kuchanja kuku kila baada ya miezi mitatu, mbuzi wawepo wasiwepo.

Anayekaribia kufa hapo ni mbuzi mwenyewe. Tumbo lake limeumbwa kwa majani. Ndani yake mna vijidudu vinavyochachusha majani polepole, naye anacheua. Akishindilia pumba, mahindi ya kuparaza au chakula cha kutagia kwa mkupuo, uchachu unakuja kwa kasi, tumbo linajaa asidi na vile vijidudu vizuri vinakufa. Ubaya ni kwamba hujui mapema. Anaweza kula alfajiri, akatembea vizuri asubuhi nzima, jioni akawa hoi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa jike mmoja wa mama, mwenye mimba kubwa. Mtoto wangu wa miaka saba alikwenda kuokota mayai, akatoka na mayai mikono yote miwili, mlango ukabaki wazi. Mchana jike alisimama peke yake chini ya mkorosho, hacheui, anasaga meno, ubavu wa kushoto umejaa. Bwana mifugo alifika, akamnywesha soda ya kupikia iliyoyeyushwa kwenye maji, taratibu ili isiingie mapafuni, akatuambia tusimpe nafaka yoyote, majani makavu tu. Usiku mama alikaa naye na taa. Jike alipona. Siku ya nne mimba ikatoka.

Nilisubiri mama aulize nani aliacha mlango. Hakuuliza. Alisema, "Mungu akijaalia atabeba tena," akaingia ndani. Mtoto ndiye aliyekosa usingizi. Mume wangu alitaka kumchapa ili akumbuke, nikakataa, na hapo tulitofautiana kweli. Mtoto wa miaka saba mwenye mayai mikononi hana mkono wa kufungia mlango. Kama usalama wa mbuzi wa bibi yake unategemea kumbukumbu ya mtoto, basi tatizo ni mlango.

Dawa aliileta mama mwenyewe, tena kutoka kwao. Huko bondeni na delta watu hulinda mpunga wakiwa juu ya dungu, maji yapite chini na nguruwe pori wasiwafikie. Akasema, "Mwanangu, kuku nao wajengee dungu." Nguzo alizozitaka ni za mikoko, maana zinadumu, lakini kukata mikoko bila kibali ni kosa. Tulinunua za mivinje, tukazipaka oili chafu kwa ajili ya mchwa. Banda likapanda juu kiasi cha kifua cha mtu mzima. Ngazi yake ni fito mbili nyembamba zenye vijiti. Kuku anapanda bila shida. Mbuzi akiweka mguu zinayumba, anarudi. Msiidharau hiyo ngazi mkatengeneza ya mbao pana, mbuzi ni mpandaji kuliko mnavyodhani.

Mlango wa kuku ni tundu la shubiri moja, urefu na upana. Ule mkubwa wa watu una komeo linalojifunga lenyewe kwa uzito wa jiwe lililofungwa kamba, kwa hiyo mikono ikijaa mayai haina neno. Gunia la chakula haliko bandani tena. Liko ndani ya pipa lenye mfuniko, juu ya uchaga jikoni, na huku kwetu kwenye unyevu hilo linasaidia pia lisiote ukungu. Chakula kinawekwa juu dunguni tu, hata punje haimwagwi chini uwanjani. Maji ya mbuzi tumeyainua kwenye ndoo iliyofungwa mtini, maana kuku walikuwa wanayanyea.

Jike yule alibeba tena, akazaa mapacha. Siku moja mvua ilibomoa ngazi, tukaegemeza ubao kwa muda. Asubuhi tuliwakuta mapacha juu dunguni, wamepita kwenye lile tundu la shubiri, wamelala katikati ya kuku. Mtoto wangu amechomeka kijiti kusimama katikati ya tundu. Kuku wanapita kwa kujibana, jogoo mkubwa ananung'unika.