Keki Rahisi ya Mtindi kwa Mikusanyiko Yetu



Ndugu zetu wapendwa, hapa Kigobe tunakutana kwa zamu majumbani baada ya darsa. Kuna wakati dada zetu wawili waliacha kupokea zamu. Tulipouliza, sababu ilikuwa keki: ile ya dukani yenye urembo ilishakuwa kama sharti, na bei yake hawakuiweza. Tukakubaliana kila nyumba itoe keki moja tu, isiyo na mapambo, iliyopikwa nyumbani.

Vipimo: unga vikombe 2, sukari kikombe 1, mayai 3, mafuta nusu kikombe, mtindi kikombe 1, bekin pauda vijiko 2 vya chai, iliki kidogo.

Piga mayai na sukari mpaka yafure. Tia mafuta, mtindi na iliki, kisha unga uliochekechwa pamoja na bekin pauda. Changanya taratibu, kwani ukikoroga sana keki huwa ngumu. Siagi huganda keki ikipoa, lakini mafuta hayagandi. Ndiyo maana hii hubaki laini hata kesho yake.

Umeme ukikatika, tumia makaa. Tia mchanga mkavu katika sufuria kubwa, upate moto, weka chombo cha keki juu yake, funika, na upange makaa machache juu ya mfuniko. Baada ya dakika 40 choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, imeiva.

Alhamdulillah, dada zetu wote wawili wamerudi kwenye zamu. Mmoja wao huongeza ganda la limau lililokunwa, na sasa sote tunamwiga.