Siku moja Tabora, mji wa wapagazi

Wazazi wengi wanaopita Tabora kwenda Kigoma au Mwanza huuona mji huu kama kituo cha kubadilishia treni tu. Watoto hununuliwa karanga na maji, mama hubeba chupa ya asali, safari inaendelea. Familia inayoweza kulala hapo usiku mmoja na kuutumia vizuri mchana unaofuata huondoka na habari ambayo si rahisi kuisahau.

Asubuhi, kabla jua halijawa kali, ni vizuri kuanza na Kwihara, mwendo wa kilomita sita hivi kutoka mjini. Bajaji au bodaboda hufika, na njiani kuna miembe ya kutosha kumfanya mtoto asahau vumbi. Ukikutana na wazee barabarani, wafundishe watoto waseme "Mwangaluka". Salamu hiyo ya Kinyamwezi hufungua mazungumzo haraka kuliko maswali.

Kwihara kuna tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa na mlango wa kuchonga wa kipwani. Limejengwa upya pale alipoishi David Livingstone mwaka 1872. Alifika akiwa na Henry Morton Stanley, aliyemkuta Ujiji mwaka uliotangulia. Stanley alipoondoka mwezi Machi kurudi pwani, Livingstone alibaki hadi Agosti. Alikuwa akisubiri nini muda wote huo? Alisubiri watu wa kumbebea mizigo. Bila wapagazi hakuna mzungu wala mfanyabiashara wa Kiarabu aliyeweza kwenda popote.

Hapo ndipo mzazi anapotakiwa kuwa makini, maana mtoto atauliza: "Hao waliobeba walikuwa watumwa?" Jibu la kweli lina sehemu mbili, na zote mbili zisemwe.

Sehemu ya kwanza ni kwamba watumwa walipita njia hii. Watu walitekwa, wakatenganishwa na ndugu zao, wakasukumwa kwa miguu kuelekea pwani, na wengine waliuzwa na kutumikishwa hapa hapa bara. Hilo halifichwi kwa kuwa mtoto ni mdogo, linaelezwa kwa maneno anayoyaweza.

Sehemu ya pili husahaulika. Wanyamwezi wengi walibeba pembe za ndovu na vitambaa kama kazi ya ujira. Waliteremka pwani baada ya mavuno na kupanga kurudi kuwahi kilimo. Mzigo wa mtu mmoja ulifika frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na kutoka Bagamoyo hadi hapa ni zaidi ya kilomita 800. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Novemba. Mbele ya msafara alitangulia kirangozi. Wanawake nao walikuwemo, wakipika na kubeba, wengine wakiwa na watoto. Malipo yalikuwa ya vitambaa, na chakula cha njiani kiliitwa posho, neno ambalo wafanyakazi wanalitumia hadi leo.

Kabla ya kuondoka Kwihara, wasimulieni watoto habari ya Chuma na Susi. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, wao na wenzao walimbeba kurudi pwani. Walipofika hapa Unyanyembe walimkuta Mwingereza, Cameron, aliyewashauri wamzike papo hapo. Walikataa, wakaendelea hadi Bagamoyo. Livingstone alizikwa London Aprili 1874. Chuma na Susi, waliomtoa mbali kiasi hicho, hawakuwepo mazishini.

Mchana mrudi mjini mkale. Baada ya chakula mwonyesheni mtoto kwa mbali boma la Wajerumani, ila picha zisipigwe bila ruhusa. Hapo azungumziwe Mtemi Isike wa Unyanyembe. Januari 1893, Wajerumani walipoivamia ngome yake, alilipua baruti akiwa ndani kuliko kukamatwa. Mkipita shule ya wavulana ya Tabora, mwambieni kuwa Julius Nyerere alisoma pale kuanzia 1937 hadi 1942, kisha akarudi mji huu Januari 1958 kwenye mkutano ambao TANU iliamua kuingia katika uchaguzi wa kura tatu.

Jioni iacheni kwa ajili ya soko na stesheni. Sokoni kuna asali ya miombo, michembe na matobolwa. Vyote viwili ni viazi vitamu vilivyokaushwa, ila matobolwa huchemshwa kwanza. Ni chakula kisichoharibika upesi, cha kumfaa mtu wa safari ndefu. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na kazi ya mabega ya watu ikaanza kupungua.

Kwenye kuta za majumba ya historia majina ya wageni yanasomeka vizuri. Ya wapagazi ni machache sana. Mzazi ambaye babu yake alitoka Unyamwezi anaweza kumwuliza mzee wa ukoo, kabla hajaondoka duniani, kama kuna aliyewahi kwenda pwani kwa miguu. Jina moja likipatikana, liandikwe.