Kila Baiti na Mwenyewe

Wakimbizi wa Burundi walipomiminika Kibondo mwishoni mwa 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, usajili ukawa kazi isiyoisha. Miaka michache baadaye nami niliajiriwa kuingiza majina kwenye kompyuta. Tuliyahifadhi katika faili za dBase, na umeme ulikuwa wa jenereta.

Jenereta ikizimika ghafla, rekodi mpya huwa zimeshaandikwa kwenye diski, ila idadi iliyo katika kichwa cha faili imebaki ile ya asubuhi. Programu huiamini idadi hiyo, na familia zilizosajiliwa mchana hazionekani jioni. “Fundi, watu wangu wamekwenda wapi?” aliniuliza mkuu wa usajili. Walikuwa humo humo.

Siri ilikuwa katika maelezo ya muundo wa faili: baiti ya kwanza ni aina yake, tatu zinazofuata ni tarehe, nne ni idadi ya rekodi, kisha mbili za urefu wa kichwa na mbili za urefu wa rekodi. Ukitoa kichwa kwenye ukubwa wa faili na kugawanya kwa urefu wa rekodi moja, idadi ya kweli hiyo hapo. Nikaiandika mahali pake, majina yakarudi. Hata rekodi iliyofutwa haiondoki papo hapo. Huwekewa kinyota tu mwanzoni.

Nilipohamia Kasulu, kwenye ramani za visima, faili za .shp zilinitoa jasho. Kichwa chake huanza na namba 9994, baiti yenye thamani kubwa ikitangulia. Mbele kidogo lipo toleo, 1000, na hapo inatangulia ndogo. Kuhesabu kwa kidole kwenye skrini kukawa hakufai tena.

Programu ya Kaitai Struct ilinipumzisha: muundo unauandika mara moja, yenyewe inaisoma faili na kukupa kila sehemu kwa jina. GNU poke, iliyotoka toleo la 1.0 mwaka 2021, ikaniongezea kuhariri. Naitaja sehemu ninayotaka kuibadili, nayo inajua ni baiti zipi na zipangwe vipi.

Vijana wanaokuja kujifunza kwangu huuliza kwanza wapakue programu gani. Nawapa karatasi: andika faili imepangwaje, kila baiti na mwenyewe. Programu nimebadilisha nyingi; maelezo ya dBase hayajabadilika, na aliye nayo atawapata watu wale hata mimi nisipokuwepo.