Hema la Fungate: Stara Kwanza, Sekunde Baadaye



Siku hizi baadhi ya maharusi wetu hawatosheki na fungate ya hoteli. Wanapanda boti hadi Dar es Salaam, wanachukua gari refu la kuvuta kwa magurudumu yote manne, wanafunga mizigo juu ya keria na kwenda kuiona Mikumi, Ruaha au Saadani, usiku wakilala kwenye hema. Ni jambo jema. Kutembea katika ardhi ya Mwenyezi Mungu na kuzingatia alivyoumba kunaongeza imani, na kunawapa wawili waliooana karibuni nafasi ya kujuana. Lakini kwa bibi harusi, hema ndilo chumba chake, mahali pake pa kusalia na kabati lake la nguo. Leo tuzungumze namna ya kulichagua, hasa haya mahema yanayotangazwa kwamba yanasimama kwa sekunde 30 au dakika moja.

Sisi ni ndugu wawili, tunashona nguo za maharusi hapa Unguja. Tulisoma skuli hadi sekondari, kisha kozi ya ushoni. Uhandisi hatuujui. Lakini hema ni kitambaa, uzi, zipu na mishono, na hivyo ndivyo tunavyovishika kutwa nzima.

Suala hili lilitufikia nyumbani kwetu. Mdogo wetu wa mwisho alipoposwa, mchumba wake alikuwa na Prado na mpango wa siku 12: Mikumi, Iringa, Ruaha na kurudi. Mdogo wetu alifurahi mno. Mama hakufurahi hata kidogo.

"Fungate ni ya ndani, wanangu," alisema. "Mwali hatolewi nje akaonwa na kila apitaye. Mimi safari siikatai. Ninachokataa ni mwanangu avue baibui nyuma ya kitambaa kinachoonyesha."

Shemeji mtarajiwa alituma mjumbe kueleza kwamba mahema ya siku hizi ni mazuri. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akatugeukia sisi. "Nyinyi ndio mafundi. Nionyesheni hema lenye stara, nitatoa ruhusa. Mkikosa, wataenda hotelini."

Basi mzigo ukawa wetu. Kwa upande mmoja kuna mama ambaye hatukutaka atoe ruhusa kwa shingo upande, na kwa upande wa pili kuna mwali aliyeanza kulia usiku. Tukaamua kwamba hema ndilo litakalokuwa zawadi yetu ya harusi.

Tuanze na haraka, maana ndiyo inayotangazwa zaidi. Haraka ina maana yake, tusiidharau. Kwetu huku karibu na ikweta jua likishazama giza halichelewi. Nusu saa haijapita na huoni kigingi kiko wapi. Ndani ya hifadhi hamtembei usiku bila kibali, kwa hiyo mnatakiwa muwe kambini kabla ya giza. Na wakati huohuo Magharibi imeingia. Msafiri ana ruhusa ya kukusanya Magharibi na Isha, lakini ruhusa hiyo haimpi mwanamke mahali pa kubadilisha nguo, wala pa kusimama akasali bila kuangaliwa. Hema likisimama mapema, anakuwa na mlango wa kufunga.

Ila zile sekunde za kwenye tangazo ni za kusimamisha nguzo tu. Hazihesabu kupiga vigingi, kufunga kamba, kuvika turubai la mvua na kuingiza godoro. Sisi tulipima kwa saa ya simu uani kwa mama, tangu mfuko unafunguliwa hadi zipu inafungwa na kitanda kimetandikwa. Tukaazima na kuangalia aina nne.

La kwanza ni hema la kurusha. Ukilitoa mfukoni, waya zake hujifyatua zenyewe na hema linasimama kabla hujamaliza bismillahi. Ni jepesi na bei yake si kubwa. Lakini ni fupi, unaingia kwa magoti. Mengi yana kitambaa kimoja tu, kwa hiyo pumzi za waliolala hugeuka matone asubuhi. Upepo ukivuma linatikisika. Na kulikunja ni mtihani: lilisimama chini ya dakika moja, likatuchukua zaidi ya robo saa kulirudisha mfukoni, watoto wa jirani wakitucheka.

La pili lina nguzo za kuvuta kama mwavuli, zimeshaunganishwa na kitambaa. Unazifungua, unazirefusha, zinalia "ta!" na limesimama. Dakika tano au sita kwa yote. Mengine ni marefu na unasimama vizuri. Tazama viungo vyake vya juu. Vingi ni vya plastiki, na kikivunjika kimoja porini, hema lote limelala. Kuna na ndugu zake ambao nguzo zake ni mipira ya kujaza upepo kwa pampu. Ni mazuri, ila mbebe viraka, maana miiba ya migunga haina huruma.

La tatu ni hema la juu ya gari. Shemeji ndilo alilolitaka, na lina hoja zake: godoro limo humohumo, halilali kwenye tope, na linafaa sana kwa wanaohama kila siku. Lakini uzito wake huanzia kama kilo 40 na mengine hupita 70, na lazima kwanza msome kitabu cha gari mjue paa linaruhusu kilo ngapi likiwa linatembea. Mkitaka kwenda kutazama wanyama alfajiri, mnalikunja kwanza, kwa sababu nyumba na gari ni kitu kimoja. Na kuna ngazi. Mwanamke kushuka ngazi usiku wa manane kwenda msalani, baibui linamtatiza miguuni, si jambo la kupuuza.

La nne ni hema la turubai la pamba lenye mikono ya chuma ndani yake, mfano wa yale yanayoitwa Oztent kutoka Australia. Unalilaza, unaifungua mikono, unainua na limesimama. Likikunjwa ni refu, kama mita 2, kwa hiyo linakaa juu ya keria wala haliingii kwenye buti. Ni zito pia, kilo 20 na zaidi, watu wawili walishushe. Sisi tulitumia dakika saba mpaka kitanda.

Kwa haraka peke yake, la kurusha limeshinda. Lakini tulikuwa tumeulizwa stara. Kwa hiyo tukaweka vipimo vyetu vinne, na tunaomba kila bibi harusi avichukue.

Kipimo cha kwanza ni taa. Usiku, mmoja aingie ndani awashe taa, ajinyooshe, akae, avae nguo yake ya kulalia. Mwingine akae nje hatua kumi na kutazama. Kitambaa chembamba cha nailoni chenye rangi ya kung'aa kinamwonyesha mtu kama sinema, hata vidole vya mkono unavihesabu. Mchana huwezi kulijua hili. Turubai la pamba lenye gramu 300 na zaidi kwa mita ya mraba linazuia vizuri zaidi. Mwenye kujua vitambaa atuelewe hivi: linakaribia uzito wa jinzi.

Kipimo cha pili ni kusimama. Kusimama ni nguzo katika sala ya faradhi kwa mwenye uwezo. Pima urefu wako, kisha ongeza kiganja. Halafu tandika mswala ndani na usujudu, uone kama kichwa hakigongi ukuta wala godoro. Hapa hema la kurusha likatoka, na la juu ya gari nalo likatoka, labda uliongezee chumba cha chini.

Kipimo cha tatu ni madirisha. Je, yanafungwa kutoka ndani? Mahema mengi pazia la dirisha liko nje. Mvua ikianza saa nane za usiku, au akipita mlinzi wa kambi, bibi harusi atoke nje alivyo ili ashushe pazia? Zipu iwe ndani, au iwe na vishikizo pande zote mbili. Na iwe zipu ya meno makubwa, inayoteleza kwenye kona bila kubana kitambaa. Ifungue na kuifunga mara kumi hapohapo dukani.

Kipimo cha nne ni mishono. Geuza hema, tazama kwa ndani. Mshono mzuri umekunjwa mara mbili na kupigwa nyuzi mbili, kama ubavu wa suruali ya jinzi. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Kwenye nailoni, mshono lazima uwe umezibwa kwa utepe, na utepe usiwe unabanduka. Kwenye turubai la pamba jipya, lilowesheni maji kabla ya safari na kuliacha likauke limesimama. Nyuzi za pamba huvimba na kuziba matundu. Mkiona lebo imeandikwa milimita 1,500 au 3,000, huo ni urefu wa maji ambayo kitambaa kinaweza kuyabeba kabla hayajapenya. Ni vizuri sakafu iwe na namba kubwa kuliko paa, kwa sababu magoti na viwiko vinaikandamiza.

Na rangi je? Hapa watu wa visiwani tunahitaji kukumbushwa. Unguja ilitangazwa kuwa huru na mbung'o mwaka 1997, baada ya kurushwa madume yaliyofanywa tasa, kwa hiyo vijana wetu hawamjui mdudu huyu. Bara, kwenye hifadhi kama Saadani na Ruaha, yupo na anauma hasa. Rangi zinazomvuta ni buluu na nyeusi. Ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Epukeni hema la buluu iliyokoza. Na baibui jeusi liacheni kwa siku hizo. Tulimshonea mdogo wetu mabaibui matatu ya rangi ya mchanga, mapana, yenye pindo fupi kidogo ili lisiburure tope, na stara haikupungua hata uzi mmoja.

Hema la nne ndilo lililofaulu. Jipya lilikuwa juu ya uwezo wetu, lakini tulipata lililotumika kutoka kwa mgeni aliyekuwa anaondoka Dar, kwa bei ya kama cherehani mpya ya kiwandani. Tulilikagua mshono kwa mshono kabla ya kutoa hata shilingi. Kisha tukashona mapazia ya ndani ya kitambaa kizito cha rangi ya kahawia, tukayafunga kwa vitanzi kwenye mikono ya chuma. Hatukupitisha sindano kwenye hema lenyewe, kwa sababu ile ya matundu.

Siku ya kumwonyesha mama, hatukuligusa sisi. Tulimwachia mdogo wetu alisimamishe, mmoja akimsaidia kulishusha tu. Tulitaka mama aone kwamba mwanawe hatakaa gizani akimsubiri mume amalize kuegesha gari. Baada ya Isha mwali akaingia ndani na taa. Mama akazunguka hema mara mbili, polepole, mkono nyuma. Akainama pembeni mwa mlango, akatazama chini kwenye sakafu. Kisha akauliza, "Yumo humu kweli?"

"Nimo mama, nasali sunna," sauti ikatoka ndani.

Mama hakusema kitu kwa muda. Halafu akasema, "Haya. Na waende na Mungu."

Walikwenda wakati wa vuli. Usiku wa kwanza Mikumi walifika jua linazama kwa sababu ya foleni ya malori, na baadaye mvua ikanyesha mpaka alfajiri. Asubuhi mdogo wetu alipiga simu, na hakutupigia sisi, alimpigia mama. Mazungumzo yao hatukuyasikia, ila mama alikuwa anacheka.

Neno la mwisho kwa bibi harusi mtarajiwa: mkirudi, msiliweke hema likiwa na unyevu. Hewa yetu ya bahari ina chumvi na joto, na koga hula pamba haraka. Lisimamisheni tena uani siku moja ya jua, futeni zipu kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, mlikaushe, ndipo mlikunje. Chakula kisilale ndani ya hema mkiwa hifadhini, wanyama wana pua. Na kabla ya kununua chochote, lisimamishe mwenyewe, kwa mikono yako, ukiwa umevaa vile utakavyovaa safarini. Tangazo lina sekunde zake, na wewe una zako.

Mwenyezi Mungu awajaalie wote wanaoingia kwenye ndoa mapenzi na utulivu, awarejeshe salama kila wasafiripo, na awavike stara yake duniani na akhera. Amin.