Kitabu cha Kuchekesha kwa Mgonjwa Wetu



Wapendwa wasomaji, juma hili hatutafafanua Injili ya Dominika kama ilivyo desturi yetu. Tunataka kuzungumza nanyi juu ya vitabu vya kuchekesha, na aliyetuingiza katika jambo hili ni mama mmoja wa parokia yetu ambaye mumewe yu kitandani tangu alipopatwa na kiharusi. Mzee huyo alikuwa msomaji hodari. Sasa macho yake hayatulii juu ya mstari, na mkewe humsomea kila jioni. Sisi tulikuwa tumempelekea, kwa mkono wa katekista, vitabu vitatu vya maisha ya wafiadini. Dominika iliyofuata, baada ya Misa ya kwanza, mama alivirudisha sakristia vikiwa vimefungwa vizuri katika kitenge, akasema: "Baba, tunashukuru. Lakini watu wote wa humu ndani wanakufa. Huna kitabu cha kumchekesha?"

Tulicheka, kisha tukaona haya. Maana hayo maneno "kwa mkono wa katekista" yana historia yake. Mzee huyo alikuwa mwenyekiti wa halmashauri ya walei. Miaka miwili iliyopita alisimama kikaoni akauliza kwa nini fedha zilizochangwa kwa ajili ya mabati ya kigango zilinunua vipaza sauti vya kanisa la parokia bila halmashauri kuulizwa. Swali lilikuwa la haki. Sisi hatukulijibu pale kikaoni. Tulilijibu Dominika, katika homilia, tukisema juu ya watu wanaohesabu senti za Mungu kama Yuda. Hatukutaja jina, wala haikuhitajika, kwa kuwa kanisa zima liligeuza shingo kumtazama. Homilia haina mtu wa kuijibu. Yeye aliinamisha kichwa, na tangu siku ile akawa anasali parokia ya jirani, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli, mpaka ugonjwa ulipomlaza.

Basi tulirudi chumbani tukatazama rafu yetu kwa moyo mzito, jambo la ajabu kwa mtu anayetafuta vichekesho.

Wako watakaouliza kama inafaa padre apoteze muda kwa vitabu vya namna hii. Tungewajibu kwa kumtaja Mtakatifu Filipo Neri (1515–1595), anayeitwa mtume wa Roma, ambaye alikipenda sana kitabu cha vichekesho vya Paroko Arlotto, padre mmoja wa Toskana wa karne ya 15. Tungewajibu pia kwa Biblia yenyewe. Someni kitabu cha Yona kwa sauti, polepole, kama vile hamjapata kukisikia. Nabii anatumwa mashariki, anapanda meli ya kwenda magharibi. Mabaharia wapagani wanasali, yeye analala. Anahubiri sentensi moja tu, na mji mzima unatubu, hata ng'ombe wanavikwa magunia. Na mhubiri aliyefanikiwa kuliko manabii wote anakaa chini ya mmea wake wa kivuli, amenuna, kwa sababu Mungu amewasamehe watu aliotaka waangamie. Tumekifundisha kitabu hiki katika semina nyingi bila kutabasamu hata mara moja. Ni kosa letu, si la kitabu.

Rafuni tuliona kwanza Hekaya za Abunuwasi, ambazo karibu kila aliyesoma shule kwetu anazijua. Mnakumbuka ile sufuria ya kuazima iliyozaa, kisha ikafa. Mwenye sufuria aliyekubali kwa furaha kwamba chombo chake kimezaa hana pa kushika anapoambiwa kimefariki. Hekaya hiyo ingefaa kusomwa mbele ya kila mtu anayeahidiwa faida kubwa bila jasho. Lakini mzee wetu angeitamka kabla ya mkewe kufungua ukurasa.

Kulikuwa na Aliyeonja Pepo, tamthilia ya Farouk Topan ya mwaka 1973, juu ya mvuvi anayechukuliwa kwenda mbinguni kwa makosa ya wajumbe. Ni ya kuchekesha kwelikweli kwa yeyote aliyewahi kungoja karatasi yake katika ofisi. Tuliirudisha rafuni: mtu aliyelala na kiharusi hapelekewi mzaha wa roho iliyotolewa kimakosa. Kulikuwa pia na Masaibu ya Ndugu Jero, tafsiri ya tamthilia ya Wole Soyinka, yenye nabii wa ufukweni anayewaita waumini "wateja" moyoni mwake na kumkwepa mama anayemdai. Hiyo tunawapendekezea mapadre wenzetu, wachungaji na manabii wa kila aina, isomwe mara moja kwa mwaka, ikiwezekana wakati wa mafungo. Kwa siku ile ilituchoma mno tukaifunika.

Nyuma yake palikuwa na kitabu ambacho mmisionari mzee wa Kiitaliano, mwalimu wetu wa Kilatini seminarini, alituachia aliporudi kwao: hadithi za Don Camillo, kwa tafsiri ya Kiingereza, jalada limeliwa na mende. Mwandishi wake ni Giovannino Guareschi, aliyezaliwa mwaka 1908 katika bonde la mto Po na kufariki mwaka 1968. Hadithi hizo alianza kuzitoa mwishoni mwa mwaka 1946 katika Candido, gazeti la kila juma, na kitabu cha kwanza kikatoka mwaka 1948. Don Camillo ni paroko wa kijijini, pande la mtu, mwepesi wa hasira na mzito wa ngumi. Adui yake ni Peppone, fundi makanika, meya wa kijiji na mkomunisti. Kristo msulubiwa, juu ya altare, huzungumza na padre huyo, na mara nyingi humkanya.

Guareschi hakuwa mtu wa kukaa katikati. Katika kampeni za uchaguzi wa Aprili 1948 aliwashambulia wakomunisti kwa kalamu na kwa vikatuni, akiwachora na matundu matatu ya pua. Kabla ya hapo, tangu Septemba 1943 hadi mwaka 1945, alikuwa mfungwa wa Wajerumani makambini kwa sababu alikataa kuwatumikia. Mtu mwenye majeraha hayo na misimamo hiyo angeweza kumfanya Peppone kuwa kikaragosi cha kupigwa mateke. Hakufanya hivyo. Peppone analeta mtoto wake abatizwe. Anakosea tahajia, lakini ana moyo. Mara nyingine yeye ndiye mwenye haki na padre ndiye mwenye hila. Hapo ndipo tunapopimia kitabu cha kuchekesha: tukimaliza kucheka, je, yule tuliyemcheka bado ni mtu ambaye tungeweza kuketi naye mezani? Viko vitabu vinavyotuchekesha zaidi ya hiki ambavyo hatungempa mgonjwa wala mzima.

Alhamisi tulikwenda wenyewe. Mama alitufungulia, akatazama nyuma yetu akimtafuta katekista. Mzee alikuwa ameegemezwa kwenye mito, akatuitikia kwa kichwa. Hatukujua la kusema, hivyo tukafungua kitabu tukaanza kusoma, tukitafsiri papo hapo kwa Kiswahili cha kubahatisha.

Hadithi yenyewe ni hii. Peppone anakuja kuungama, na katika maungamo anasema kwamba ndiye aliyempiga padre kwa fimbo gizani, kwa nyuma, miezi miwili iliyopita. Padre hakuweza kujitetea kwa kuwa alikuwa amebeba kikapu cha mayai. Don Camillo anampa maondoleo, kisha anakwenda mbele ya msalaba kuomba ruhusa ya kulipiza kisasi kidogo tu. Kristo anamkumbusha kwamba mikono yake iliwekwa kwa ajili ya kubariki. Padre anajibu kwamba miguu haikutajwa. Basi anaruhusiwa teke moja, moja tu, na Peppone, aliyepiga magoti akitimiza malipizi yake, analipokea bila hata kugeuka, kwa maana amelingoja muda wote huo.

Mzee alicheka. Kicheko chake sasa kinatoka upande mmoja wa uso, na sauti yake ni kama ya mtu anayekohoa mbali. Mama aliweka birika chini akamtazama. Kisha mzee akasema, neno moja moja, "Baba. Peppone... ni mimi?"

Tulikuwa tumejiandaa kwa mengi tukiwa njiani, lakini si kwa swali hilo. Tukamwambia hapana. Aliyempiga mwenzake kwa nyuma, wakati mikono ya mwenzake imejaa na hawezi kujibu, ni sisi; na mabati ya kigango alikuwa na haki ya kuyauliza. Tukamwomba radhi mbele ya mkewe, kwa maneno yasiyo na ufasaha wowote.

Alikaa kimya muda mrefu. Akasema: "Basi geuka."

Mama akasema, "Baba Fulani, ni padre huyo!" (jina la mtoto wao wa kwanza hatuliandiki hapa). Sisi tuligeuka. Mguu wake wa kulia haukuweza kunyanyuka, kwa hiyo alitumia bakora yake, na tungependa kuwaarifu wasomaji wetu kwamba mkono wa kushoto wa mzee huyo una nguvu kuliko daktari anavyodhani.

Chai ilinywewa. Alhamisi ijayo tutasoma hadithi ya ubatizo, ambapo Peppone anataka mtoto wake aitwe Lenin. Mama ametuomba tufike kabla ya saa kumi, kwa kuwa majirani wawili wamesikia na wanataka kuja na viti vyao.