Hamadi Kibindoni

Siku hizi kibindo kimekuwa mali ya watangazaji wa mpira. Timu ikishinda, tunaambiwa imetia pointi tatu kibindoni, na wanangu wanadhani kibindo ni kabati la kuwekea vikombe. Nilipomwambia mkubwa wao kuwa babu yake hakutoka nyumbani bila kibindo, aliniuliza kilikuwa cha rangi gani.

Rangi yake ni ya kikoi chenyewe. Mwanamume hukizungusha kikoi kiunoni, hukikaza, kisha huukunja ukingo wa juu kuelekea nje. Kabla ya kukunja mara ya pili huweka noti yake pale, au tambuu, au funguo, halafu hukunja tena juu yake. Noti hukaa karibu na ngozi ikapata joto la mwili. Mwizi hawezi kuichomoa mwenyewe asihisi, na ukitaka kulipa huna budi kujifungua kidogo mbele za watu, jambo linalompa mtu nafasi ya kufikiri mara mbili kama kweli anahitaji hicho anachonunua. Sisi wanawake tuna fundo la pembe ya leso, na tukilichomeka kiunoni nalo tunaliita kibindo. Masikioni mwangu neno hili limekaa ukoo mmoja na kupinda, na upindo, na kupiga ubinda, ile namna ya zamani ya kupitisha shuka katikati ya mapaja na kulichomeka nyuma.

Wazee walisema hamadi ni iliyo kibindoni, silaha ni iliyo mkononi. Hamadi ni sauti inayomtoka mtu akijikwaa. Mtoto akiyumba, mamake hupiga ukelele, "Hamadi!" Kwa miaka mingi methali hiyo niliishika kwa maana moja tu: pesa iliyofichwa ndiyo pesa yako. Nimezaliwa Mombasa, nimeolewa Mombasa, asubuhi nauza mahamri na mbaazi, na mtaani kwetu sikumjua mwanamke asiye na maficho. Kuna aliyeweka chini ya godoro, kuna wa mfuko wa buibui lisilovaliwa tena, na mimi nilikuwa wa pipa la mchele. M-Pesa ilipoingia mwaka 2007 niliipokea vizuri, wateja wakalipia humo, lakini kila jioni nilikwenda kwa wakala nikazitoa zote, zikarudi chini ya mchele. Mume wangu hakujua. Si mtu mbaya, Mungu amweke, ila ana tabia ya wanaume wengi: akisikia pesa ipo, haja inazaliwa hapo hapo.

Basi tarehe 1 Juni 2019, Sikukuu ya Madaraka, sherehe zikiwa Narok, gavana wa Benki Kuu ya Kenya, Patrick Njoroge, akatangaza kuwa noti mpya zimetoka. Hilo lilitarajiwa, maana Katiba ya 2010 imekataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa zetu. Kilichotutikisa kilikuwa kile kipande cha pili cha tangazo. Noti zote za zamani za shilingi elfu moja zingekoma kuwa pesa baada ya tarehe 30 Septemba. Za hamsini, mia, mia mbili na mia tano ziliachwa ziendelee. Elfu peke yake ndiyo iliyoandamwa, na sababu iliyotolewa ilikuwa fedha haramu na noti bandia. Mimi niliona na sababu nyingine, ya kawaida kabisa: elfu ndiyo noti inayofichika. Utajiri wa elfu unaingia ndani ya mto wa kulalia. Utajiri wa hamsini unataka gunia.

Wiki zile Mombasa ilichekesha na kuhuzunisha. Watu waliokuwa wakilia hawana walionekana benki wamepanga foleni. Mavyaa wangu alinivuta chumbani, akafunga mlango, akafungua sanduku lake la leso. Zilikuwa doti ambazo hazijakatwa, kila doti imekunjwa mara nne, na ndani ya kila mkunjo mna elfu kadhaa zilizonyooshwa kama zimepigwa pasi. Zilinukia udi. Akaniambia, "Mwanangu, nenda kanibadilishie wewe. Mimi wataniuliza nimezipata wapi." Nikamwambia yeye ni mtu mzima, pesa ni zake, nani atamuuliza? Akanitazama. "Mwenyewe ataniuliza," akasema, akimaanisha babamkwe wangu, ambaye ameishi naye nyumba moja tangu ujana wao na humwita Mwenyewe kwa kejeli.

Nilicheka, kisha nikakumbuka pipa langu la mchele.

Pale ndipo fikra zangu zilipogeuka. Maisha yangu yote nilikuwa nikijilinda na wanaoweza kuzipata: mwizi, mume, shemeji mwenye shida zisizoisha. Sasa alikuwa amekuja mwingine ambaye hakuhitaji kuzipata. Serikali haikuuliza nimezificha wapi. Ilitaja tarehe tu. Zingebaki palepale kavu, hazijaguswa na mtu wala panya, na asubuhi ya Oktoba mosi zingekuwa karatasi. Benki Kuu ilipofunga hesabu ilisema kati ya noti milioni 217 zilizokuwa nje, zaidi ya milioni saba hazikurudi. Hiyo ni zaidi ya shilingi bilioni saba. Sehemu yake bila shaka ni ya wezi wakubwa walioogopa kuulizwa. Lakini mimi huwaza pia kina mama waliofariki bila kumwambia mtu ni doti ipi.

Nilibadilisha za mavyaa na zangu, kwenye dirisha moja, siku moja. Jioni nikamwambia mume wangu. Alinyamaza kwa muda mrefu, nikadhani amekasirika, kumbe alikuwa anafanya hesabu. Akasema, "Na mimi nikikopa kwa watu ada za watoto!" Hilo sikuwa na jibu lake, na bado sina.

Tangu hapo sifichi tena. Biashara inabaki kwenye simu, na kila mwezi nacheza mchezo na wanawake wa mtaani, ambapo kila mtu anajua nani anatoa na nani anapokea. Kiunoni naweka mia mbili mia tatu, za matatu au za dawa ya usiku. Nadhani wazee walikusudia hizo. Mkunjo wa kikoi haubebi pipa; unabeba kiasi cha kumdaka mtu aliyejikwaa. Mavyaa hakubaliani nami hata kidogo. Zile noti mpya amezirudisha sandukuni, na doti amezibadilisha nafasi ili hata mimi nisijue.

Mwezi huu zamu ya mchezo ni yangu. Mume wangu anaijua tarehe, na tayari ameshaanza kunitajia bei ya magurudumu ya pikipiki.