Sura ya Mtu ni Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba aliyewatia sura viumbe vyake kama apendavyo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Amma baad. Ndugu wasomaji, siku hizi wazazi hutujia sisi waalimu na suala ambalo wazee wetu hawakuulizwa. Mtoto amemaliza skuli, amemaliza na chuo kikuu, na sasa amepata nafasi ya kwenda ng'ambo kusoma zaidi. Wala haendi kusoma udaktari, wala uhasibu, wala sheria. Yuenda kusoma kuchapa picha kwa wino, kupiga picha kwa kamera, na kusimulia visa kwa picha. Mzazi huuliza: "Sheikh, hii nayo ni elimu? Na kama ni elimu, yafaa?" Hayo ni maswali mawili, na kila moja lataka jawabu lake. Mwenye kuyachanganya hujibu kwa hasira au kwa mapenzi, na hasira na mapenzi si dalili.

Suala hili limefika mpaka katika ukoo wangu. Mjukuu wa dada yangu, binti mwenye adabu zake, aliyekhitimu juzuu thelathini mbele yangu, amekubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya sanaa huko Marekani. Mamake aona fahari. Mjomba wake asema ni kupoteza umri. Dada yangu, ambaye ndiye bibi yake, alikuwa kimya. Wakanitaka mimi niseme. Nikawaambia kwamba wanavyuoni wetu wana kanuni: kulihukumu jambo ni tawi la kulijua. Basi nikataka nijue kwanza kinachosomwa huko ni nini, na haya ndiyo niliyoyapata.

Masomo haya kwa kawaida huchukua miaka miwili au mitatu. Mwanafunzi hatungi kitabu tu akakhitimu. Hufanya kazi za mikono yake, akazionyesha mbele za watu, na akaandika maelezo ya kazi hizo. Chuo Kikuu cha Iowa, huko Marekani, ndicho kilichofungua mlango mwaka 1922, kilipokubali kazi ya sanaa iwe badala ya tasnifu kwa wanaotaka shahada za juu. Mwaka 1977 chama cha waalimu wa sanaa wa Marekani kikaitaja shahada hii kuwa ndiyo ya mwisho kwa mwenye kufanya sanaa kwa mkono wake. Kwa hivyo, kwa watu wa huko, ni elimu yenye daraja, na mwenye kuipata huweza kusomesha chuo kikuu.

Sasa tuitazame kazi ya kuchapa. Mchapaji huchukua kibao, au kipande cha lino ambacho ni laini kuliko ubao, akakichora, kisha akakichonga kwa patasi ndogo ndogo. Anapochonga patabaki peupe, na anapopaacha ndipo patakapochukua wino. Hupaka wino kwa mche, akalaza karatasi, akakandamiza kwa mtambo au kwa mkono. Na kila kitu lazima akichonge kinyumenyume. Mwenye kutaka lisomeke neno "Salama" hulichonga limegeuka. Wengine hutumia bamba la shaba, wakaliacha liliwe na tindikali mahali walipolichora. Zikichapwa nakala 20, kila moja huandikwa hesabu yake kwa penseli, ya kwanza katika 20, ya pili katika 20, na zikisha kutimia bamba hukwaruzwa ili isichapwe tena kwa siri akadanganywa mnunuzi. Tazameni, hata katika wino na karatasi kuna amana.

Kazi hii si ngeni kwa Waislamu. Huko Misri, karne kadhaa kabla ya Gutenberg wa Ujerumani kuchapa vitabu vyake katika karne ya 15, watu walikuwa wakichapa aya na dua juu ya karatasi, na vipande vyake vimepatikana. Wala si ngeni kwetu sisi wa pwani. Kanga iliyo mabegani mwa mama zetu ni nini kama si chapa? Ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo huzunguka, mji hukaa kati, na jina husema yale ambayo mwanamke hataki kuyasema kwa ulimi wake. Huko ndiko kusimulia kwa picha, na bibi zetu walikujua bila ya shahada.

Kisha nikaona jambo lililonipendeza mimi niliyesomeshwa chuoni kwa ubao na kalamu ya tete. Mwaka 1945 alifika Iowa mchapaji mmoja kutoka Argentina, Mauricio Lasansky, akaanzisha karakana ya kuchapa. Wanafunzi wake wengi walitawanyika wakaenda kufungua karakana katika vyuo vikuu vyengine, nao wakasomesha wengine. Sisi huiita silsila. Elimu ya mkono, kama elimu ya kisomo, haitoki kitabuni peke yake. Hutoka kwa mwalimu, kwa kukaa naye na kukosolewa. Nao wana darasa lao la kukosoana. Mwanafunzi hutundika kazi yake ukutani, na mara nyingi hutakiwa anyamaze huku waalimu na wenzake wakiisema mbele yake. Mwenye kiburi hawezi kusoma namna hiyo.

Katika waliokhitimu Iowa yuko mwanamke mweusi, Elizabeth Catlett, aliyezaliwa Washington mwaka 1915, mjukuu wa watu waliokuwa watumwa. Mwaka 1940 alikuwa mmoja wa watatu wa mwanzo kupata shahada hii pale. Chuo kilimpa elimu, walakini hakikumruhusu kulala katika mabweni yake kwa sababu ya rangi yake. Mwalimu wake, mchoraji Grant Wood, alikuwa akiwahimiza wanafunzi wafanye kazi juu ya kile wanachokijua zaidi kuliko vyengine. Catlett akajiuliza anajua nini zaidi, akaona anawajua wanawake wa watu wake. Mwaka 1946 alikwenda Mexico, akajiunga na karakana ya wachapaji waliokuwa wakichapa kwa ajili ya watu wa kawaida, kwani picha ya kuchapwa hutoka nyingi na bei yake ni ndogo. Huko alichonga picha 15 zenye kufuatana kama kisa kimoja: mwanamke mfanyakazi, mwanamke mwenye kusoma, mwanamke aliyewatorosha watumwa. Na mwaka 1952 alichonga mkulima mwanamke mwenye kofia pana ya majani, na koti lake limefungwa kwa pini kwa kuwa kifungo hakipo. Pini ile yaeleza umasikini, na macho yake yaeleza kwamba umasikini haukumvunja. Catlett alifariki Mexico mwaka 2012. Na mwaka 2017 chuo kile kilichomnyima kitanda kilifungua bweni kubwa lenye jina lake.

Sikumtaja ili mabinti zetu waige kila alilolifanya. Nimemtaja kwa sababu ya swali lile alilojiuliza. Mwenye kwenda ng'ambo na hajui anachokijua, atarudi na vitu vya watu.

Amma kamera, asili yake iko karibu nasi kuliko tudhanivyo. Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Misri na kufa yapata mwaka 1040, alieleza namna nuru inavyopita katika tundu dogo na kuingia mahali pa giza, ikaonyesha ukutani kile kilichoko nje. Lakini kamera ilipofika kwetu ilikuja na mambo mawili. Ilikuja na picha za ukumbusho za jamaa. Ikaja pia na kadi za posta. Unguja palikuwa na wapiga picha wenye studio, kama A. C. Gomes, tangu karne ya 19, na mwanzoni mwa karne ya 20 kadi za wanawake wa pwani ziliuzwa kwa wageni na kutumwa Ulaya. Chini ya nyingi katika kadi hizo hapakuandikwa jina la mtu. Paliandikwa kabila tu, kana kwamba ni ndege au samaki. Mwanamke yule alikuwa na baba, na mama, na jina alilopewa siku ya saba. Sura yake ikauzwa na jina lake likatupwa. Huo ndio ninaouita uvunjaji wa amana.

Na sasa mtazame mwengine aliyeitumia kamera hiyo hiyo vyengine. LaToya Ruby Frazier alizaliwa mwaka 1982 huko Braddock, Pennsylvania, mji wa kiwanda cha chuma kilichoanza kazi mwaka 1875. Tangu ujana wake aliwapiga picha bibi yake, mamake na nafsi yake, na baadhi ya picha mamake ndiye aliyezipiga. Aliipata shahada hii ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Syracuse mwaka 2007. Hospitali ya mji wao ilipofungwa mwaka 2010, alikuwapo na kamera yake. Kitabu chake kilichotoka mwaka 2014 kimekusanya miaka mingi ya watu watatu wa nyumba moja na mji uliowachosha. Chombo ni kile kile cha wenye kadi za posta. Kilichotofautiana ni kwamba waliopigwa picha walijulikana majina, wakashauriwa, na wakashirikishwa.

Nikarudi kwenye swali la pili: yafaa? Siandiki makala haya kutoa fatwa, lakini si haki kumficha msomaji khitilafu za wanavyuoni. Makemeo ya Mtume, rehema na amani zimshukie, juu ya wenye kutengeneza sura za viumbe yamethibiti. Na Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ilitokana na kazi hiyo, alimuelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Juu ya kamera, Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hadi 1920, aliona kuwa ni kuzuilia kivuli alichokiumba Mungu wala si kuumba; na wako wanavyuoni wengine wanaoikataza ila kwa dharura, kama pasi ya kwendea Hija. Binti yetu ameyasoma hayo, naye kwa khiari yake amechagua upande wa salama. Anachochonga ni milango ya nakshi, majahazi, minazi na visima. Na kwa kamera amempiga bibi yake akisuka ukili: miyaa, vidole, na pindo la kanga.

Hapo ndipo dada yangu aliponena, baada ya kimya chake chote. Alisema: "Mikono yangu mchukue, mjukuu wangu. Hii imefanya kazi mchana, kila mtu ameiona. Uso wangu ni wa nyumbani mwangu." Mjomba mtu akainamisha kichwa. Mimi nikaona kuwa neno lile ni darasa zima. Huko aendako, katika lile darasa la kukosoana, hapana shaka atakuja mtu amuulize: mbona uso haupo? Watamwambia kazi imepunguka. Akiwa hana jawabu, atauleta uso wa bibi yake ili apate sifa. Akiwa na jawabu, atasema: haupo kwa sababu mwenyewe hakuutoa, na kazi yangu imeanzia hapo. Mwalimu mwenye insafu atamheshimu, na asiye na insafu hatamdhuru.

Basi nimewaambia jamaa zangu, na ndivyo niwaambiavyo wazazi wote: mwacheni aende, kwa masharti. Kwanza, tazameni mali. Baadhi ya vyuo humsamehe mwanafunzi ada kwa kumpa kazi ya kusomesha, na vyengine humwachia akope mkopo wa riba ambao atazeeka nao. Kama njia ni riba, nasubiri. Nafasi nyengine itakuja. Pili, aulize mapema lipi ni lazima na lipi ni khiari, khasa darasa za kuchora watu walio uchi, aseme wazi dini yake kabla ya kusafiri, asingoje kuaibika huko. Tatu, ailinde afya yake, kwani tindikali na dawa za kuchapia zataka dirisha wazi na glavu. Nne, asimwonyeshe mtu bila ya idhini yake, hai wala maiti, tajiri wala maskini. Na maskini zaidi, kwa kuwa yeye hana wa kumtetea.

Nanyi mlio na simu mifukoni, msidhani maneno haya ni ya mwanafunzi wa ng'ambo peke yake. Kila siku twapiga wagonjwa vitandani, maharusi ndani, na watoto wakilia, tukawatumia watu tusiowajua. Yule binti atasoma miaka mitatu ndipo aaminiwe kwa sura ya mtu mmoja. Sisi twajiamini kwa dakika moja.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atustiri na tulio nao, azilinde nyuso za mama zetu, na awape vijana wetu elimu yenye manufaa na mikono yenye amana. Amin. Wabillahi taufiq.